Milima Nayo Hukutana

Tellurometa moja haikufaa kitu. Zilitakiwa mbili, na watu wawili wa kuziendesha, mmoja juu ya mlima huu na mwingine juu ya mlima ule, katikati yao pengine kilomita 40 za mabonde na vichaka. Chombo cha kwanza kilirusha mawimbi ya redio yenye urefu wa kama sentimita 10. Cha pili kiliyadaka na kuyarudisha palepale, na cha kwanza kikalinganisha yaliyotoka na yaliyorejea. Tofauti ya awamu kati ya hayo mawili ilionyesha mawimbi yametumia muda gani njiani, na kwa kuwa mwendo wa mawimbi unajulikana, muda uligeuzwa kuwa umbali. Mpimaji aliinama kwenye kioo kidogo, akaona duara la mwanga lenye pengo, akasoma pengo limeangukia namba ipi.

Ndani ya chombo hichohicho kulikuwa na simu ya redio. Mwenye chombo kikuu alimwagiza mwenzake abadilishe masafa, kutoka A kwenda B, kisha C, kisha D, kwa sababu masafa ya aina moja hayakutosha kuondoa utata: baadhi yalitoa tarakimu za mwisho za umbali, mengine yakatoa za mwanzo. Wote wawili waliandika joto la hewa, mgandamizo na unyevu wa pale walipo, maana hali ya hewa huathiri mwendo wa mawimbi. Mara nyingine walibadilishana kazi, aliyekuwa akijibu akawa muulizaji, ili vipimo vya huku vikaguliwe na vya kule.

Aliyekibuni chombo hicho ni Trevor Wadley, injinia wa maabara ya mawasiliano ya CSIR, baraza la utafiti wa kisayansi na viwanda la Afrika Kusini, na kilitoka hadharani mwaka 1957. Mswidi Erik Bergstrand alikuwa ametangulia na geodimeta, iliyopima umbali kwa mwanga, lakini upande wa pili wa geodimeta palisimama kioo tu cha kurudishia mwanga. Wadley aliweka redio pande zote mbili, na mtu pande zote mbili. Historia ya vifaa vinavyosaidiana kujua vilipo huanzishwa na waandishi wengi kwenye setilaiti. Mimi naianzia hapa, kwenye milima miwili inayozungumza, kwa sababu jambo ambalo wataalamu wa 5G na 6G wanahangaika nalo leo ni hilo la Wadley, isipokuwa vifaa vyenyewe ni vingi mno na havina watu wa kuvishika.

Kabla yake ardhi ilipimwa kwa pembe. Mwaka 1615 Mholanzi Willebrord Snellius alianza kujenga mlolongo wa pembetatu kati ya mji wa Alkmaar na Bergen op Zoom, akitumia minara ya makanisa kama vituo. Ukipima upande mmoja wa pembetatu ya kwanza kwa uangalifu, halafu ukapima pembe tu kwenye zilizobaki, hesabu itakupa pande zote bila kuburuta mnyororo wa kupimia shamba kwa shamba. Kazi ikapandishwa kutoka minara ya makanisa hadi vilele vya milima, na karne tatu zilizofuata mataifa yalipimwa hivyo.

Afrika Mashariki ilipitiwa na mlolongo mmoja mkubwa kuliko mingi. Mwanafalaki David Gill alifika Cape mwaka 1879 akiwa na wazo la mstari wa pembetatu utakaofuata longitudo ya 30 mashariki, kutoka kusini mwa bara hadi Misri. Hakuishi kuuona ukikamilika. Kipande cha Uganda kilipimwa 1908 na 1909. Kipande cha Tanganyika kilingoja hadi 1931, alipopewa kazi hiyo Martin Hotine wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, naye akaimaliza 1933. Pengo la mwisho la mstari mzima lilifungwa 1954, miaka mitatu tu kabla ya tellurometa kufanya upimaji wa aina hiyo uonekane wa kizamani.

Tuutazame vizuri mtandao huo wa vilele, kwa maana ndani yake mna karibu kila kitu kitakachofuata. Hakuna kilele kilichojua mahali pake chenyewe. Kilijulikana kwa kuonekana na majirani zake na kwa kuwaona, kwa taa usiku au kwa vioo vya jua mchana. Bikoni chache, yaani alama zilizosimikwa juu ya vilele hivyo, zilipimwa kwa nyota na kupewa namba za kuaminika. Nyingine zote zilirithi mahali pao kutoka kwa hizo, jirani hadi jirani. Vipimo vilipogongana, na vilikuwa vikigongana, hesabu haikumchagua mwongo mmoja na kumfukuza. Kosa liligawanywa kwa mtandao mzima mpaka jumla ya kutopatana ikawa ndogo kadiri ilivyowezekana.

Kutokana na mstari huo nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zikapata mfumo wa ramani uitwao Arc 1960. Mpima viwanja anayechukua namba za ramani ya zamani na kuziingiza kwenye simu yake bila kuzigeuza bado hujikuta amepishana na bikoni kwa karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini, kwa kuwa ramani na simu hazikukubaliana kuhusu umbo la dunia na mahali pa kitovu chake. Na sisi tunavyojuana, watu wamefikishana mahakamani kwa bikoni iliyosogea mita tatu.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik. Katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimbo la Maryland, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliiwinda sauti yake kwenye redio. Waligundua kuwa mlio ulipanda setilaiti ikikaribia na kushuka ikienda zake, na kwamba kutokana na kupanda na kushuka huko waliweza kukokotoa njia yake yote. Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, akawauliza swali la kinyume: kama njia ya setilaiti inajulikana, je, msikilizaji anaweza kujua alipo yeye? Jibu likawa mfumo wa Transit, uliohudumia jeshi la wanamaji la Marekani kuanzia 1964.

Hapo njia mbili, ya kuulizana na ya kusikiliza tu, ziliachana, na sababu haikuwa ya kisayansi. Transit ilitengenezwa kwa ajili ya nyambizi zilizobeba makombora ya Polaris. Nyambizi inayojificha haiwezi kupiga redio kumwuliza mwenziwe yuko mbali kiasi gani. Ikitamka neno imejifichua. Ilihitaji njia ya kusikiliza tu, na usikivu una faida nyingine ambayo wafanyabiashara waliithamini baadaye: anayesikiliza hamzuii mwingine kusikiliza, hata wakiwa mabilioni. GPS iliyofuata, setilaiti yake ya kwanza ikirushwa Februari 1978 na mfumo kutangazwa kamili 1995, ilijengwa juu ya ukimya huohuo. Kifaa chako kinasikia setilaiti nne au zaidi, kinajua saa na mahali pako, na setilaiti hazina habari kwamba upo. Mei 2000 serikali ya Marekani ilipoacha kuyachafua kwa makusudi mawimbi ya raia, kosa la mamia ya futi likashuka hadi mita chache, na dunia nzima ikahamia huko.

Kwa nusu karne hivi, basi, kujua ulipo kulimaanisha kutazama juu. Tellurometa ilibaki kwa wapima ardhi, na wao pia wakaiacha. Lakini mawimbi yanayotoka kilomita 20,200 juu yanafika yakiwa hafifu kupindukia. Zege linayameza, bati linayarudisha, handaki halina habari nayo.

Jioni ya Ijumaa, Desemba 3, 1999, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, moto uliwaka ndani ya ghala la zamani la kuhifadhia vyakula kwa baridi, lililokuwa limeachwa tupu kwa miaka. Askari wa zimamoto walisikia kwamba huenda wamo watu wasio na makazi. Ghala la baridi halijengwi kwa ajili ya kuona nje: karibu halikuwa na madirisha, ndani mlikuwa na vyumba vilivyofanana, na kuta zilijazwa vizuia joto vilivyotoa moshi mweusi mzito. Askari wawili walipotea kwenye ghorofa za juu. Redio zao zilikuwa nzima. Waliita, wakajibiwa, wakasema hewa ya mitungi inaisha, lakini hawakuweza kueleza kwa uhakika walikuwa wapi, na walio nje hawakuwa na namna ya kujua. Wengine waliingia kuwatafuta, na wanne kati yao hawakutoka. Watu waliokuwa wakitafutwa walikuwa wameshatoka kabla. Ilichukua zaidi ya wiki kuitoa miili yote sita.

Katika mji huohuo kuna chuo cha ufundi, Worcester Polytechnic Institute. Maprofesa wake wa umeme, John Orr, David Cyganski na James Duckworth wakiwa miongoni mwao, walianzisha mradi wa kumfuatilia askari ndani ya jengo lisilo na chochote kilichoandaliwa mapema: hakuna ramani, hakuna kifaa ukutani. Askari abebe kirushaji, magari ya zimamoto yanayolizunguka jengo yawe na vipokezi, na vyote vijipange vyenyewe pale pale kwenye tukio. Kwa miaka mingi chuo hicho kilikuwa mahali ambapo watafiti wa suala hili walikutana na zimamoto wenyewe, jambo ambalo ni adimu kuliko inavyopaswa.

Kwa nini ni vigumu? Mawimbi ya redio huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukikosea nanosekunde 10 umekosea mita 3, na mita 3 ndani ya jengo linaloungua ni upande wa pili wa ukuta. Tena mawimbi hayafiki mara moja. Hufika yale yaliyopita moja kwa moja, kisha yale yaliyogonga lifti, kisha yale yaliyogonga mlango wa chuma, na mara nyingi ya kwanza ndiyo dhaifu zaidi. Mnamo Februari 2002 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu matumizi ya masafa mapana sana, kutoka gigahezi 3.1 hadi 10.6, kwa nguvu ndogo. Upana huo unaruhusu mapigo mafupi mno, kiasi kwamba pigo la moja kwa moja linaweza kutenganishwa na mwangwi wake. Hilo lilisaidia sana. Halikumsaidia askari aliyezama mahali ambapo hata pigo moja la kutoka nje halifiki.

Huyo anahitaji mwenzake. Askari aliye ghorofa ya tano hayasikii magari, lakini anamsikia aliye ngazini ghorofa ya tatu, na wa ngazini anayasikia magari. Wakipimana umbali, wa tano anarithi mahali kutoka kwa wa tatu, kama vilele vya Hotine vilivyorithishana. Na tofauti na ilivyo kwa bikoni zilizopimwa kwa nyota, hapa anayepokea naye anatoa: kipimo kati yao kinamnyoosha hata yule wa ngazini. Watafiti wa chuo cha KTH, Stockholm, walilijaribu hilo kwa kuweka vihisi vya mwendo kwenye visigino vya buti na kuwaacha wavaaji wapimane umbali kwa redio wakitembea. Kihisi cha kisigino peke yake kinapotoka taratibu kadiri dakika zinavyopita. Kipimo cha mwenzako kinakirudisha.

Lakini nani apimane na nani, na vipimo vingapi vinatosha? Swali hilo lilikuwa limejibiwa zamani, na mtu ambaye hakuwa akiwaza redio hata kidogo.

Hilda Geiringer alizaliwa Vienna 1893, akapata udaktari wa hisabati 1917, na 1921 akahamia Berlin kuwa msaidizi wa Richard von Mises. Mwaka 1927 alichapisha makala kuhusu fremu bapa za aina inayobeba mapaa na madaraja. Alitaka kujua fito ngapi zinatakiwa, na zipangweje, ili fremu isicheze. Kanuni yake ni fupi. Kwa viungo n vilivyo kwenye bapa moja, zinatakiwa fito 2n − 3, na pasiwepo kundi dogo la viungo lililorundikiwa fito kupita kanuni hiyohiyo. Viungo vinne vinataka fito tano. Mraba wa fito nne ukiusukuma unalala upande. Ukiufunga fito ya mshazari unasimama. Sharti la pili ndilo lenye akili, kwa sababu unaweza kuwa na fito za kutosha kwa hesabu ya jumla, zote zimejazana kona moja, na kona ya pili inayumba.

Badala ya viungo weka simu, badala ya fito weka vipimo vya umbali, na makala ile ya mapaa inakwambia ni lini kundi la vifaa linaweza kujichora lenyewe na ni lini juhudi zote ni bure. Kuna mtego mmoja ambao fremu za chuma hazina haja ya kuuogopa. Simu iliyopimana na majirani wawili tu inaweza kuwa upande huu wa mstari unaowaunganisha au upande ule, na vipimo vyote vitakubali pande zote mbili. Masharti kamili ya kuuepuka mtego huo kwenye bapa yalithibitishwa 2005 na Bill Jackson na Tibor Jordán, wakati ambapo wataalamu wa mitandao walikuwa tayari wanayahitaji.

Geiringer mwenyewe hakuwa na raha ya kuyafuatilia hayo. Mwaka 1933 sheria za Wanazi zilimtoa chuoni kwa sababu ni Myahudi. Akaenda Brussels, kisha Istanbul, na 1939 akavuka hadi Marekani, alikofundisha Bryn Mawr, halafu kuanzia 1944 Wheaton College, katika jimbo hilohilo la Massachusetts. Makala yake ilisahauliwa. Mwaka 1970 Mholanzi Gerard Laman aliifikia kanuni ileile kwa njia yake, na kwa miongo kadhaa ikaitwa kwa jina la Laman peke yake. Geiringer alifariki 1973. Siku hizi majina yote mawili hutajwa pamoja, nami naona lake lilistahili kutangulia.

Huko California, mwishoni mwa miaka ya 1990, Kris Pister wa Chuo Kikuu cha Berkeley alikuwa akipigia debe wazo la vumbi lenye akili: vihisi vidogo mno, kila kimoja na redio yake, vikimwagwa kwa maelfu ili vipime joto, mtikisiko au mwendo. Kihisi kinachosema joto limepanda bila kusema limepanda wapi hakina maana. Kuweka GPS kwenye kila punje kulikuwa ghali na kungemaliza betri. Kwa hiyo kuliulizwa: tukizipa punje chache tu mahali pa kujulikana, nyingine zinaweza kujipata?

Mwaka 2001 majibu yalimiminika. Lance Doherty, Pister na Laurent El Ghaoui walilifanya tatizo kuwa la hesabu za mbinuko: ukimsikia jirani, basi uko ndani ya duara lake, na maduara yote yakikutana nafasi uliyobakiwa nayo inakuwa ndogo. Andreas Savvides na wenzake wa UCLA walitumia muda wa sauti na redio pamoja. Dragoş Niculescu na Badri Nath wa chuo kikuu cha Rutgers wakaja na njia ya kuhesabu miruko, ambayo naipenda kwa ufukara wake. Hakuna kipimo cha umbali hata kimoja. Kila kifaa kinahesabu tu ujumbe wa bikoni, yaani punje inayojua ilipo, umepita kwa majirani wangapi kabla ya kukifikia. Bikoni zinajua umbali baina yao, zinagawa kwa idadi ya miruko, zinatangaza urefu wa wastani wa mruko mmoja, na kila mtu anapiga hesabu yake. Kwenye uwanja wazi inafanya kazi vizuri. Kwenye jengo lenye umbo la L inadanganya vibaya, maana ujumbe umezunguka kona na hesabu inadhani umekwenda moja kwa moja.

Neal Patwari na wenzake, wakiwemo watu wa maabara za Motorola, waliyakusanya mambo haya mwaka 2005 kwenye makala ambayo hadi leo wanafunzi huanza nayo, na jina la ushirikiano likawekwa wazi kwenye kichwa chake. Miaka minne baadaye, Februari 2009, Henk Wymeersch, Jaime Lien na Moe Win wakachapisha kazi iliyoubadilisha mjadala. Waliacha kuuliza kifaa kiko wapi. Wakauliza kila kifaa kinaamini kiko wapi, na kwa uhakika gani. Kila simu inashika wingu la uwezekano, inalitangaza kwa jirani, inapokea mawingu ya majirani pamoja na vipimo vya umbali, inalisahihisha lake, inatangaza tena. Hakuna makao makuu yanayokokotoa yote.

Msingi wa hesabu hiyo ulikuwa wa Judea Pearl, tangu 1982, na una udhaifu unaofahamika mtaani kwetu. Unamnong'oneza jirani kwamba nadhani fulani kahama. Jirani anamwambia wa pili. Wa pili anakuja kukuambia fulani kahama, nawe unasema ahaa, kumbe ni kweli. Umejisikia mwenyewe ukadhani umepata shahidi. Vifaa vinavyozungushiana imani kwenye duara hufanya hivyohivyo, na matokeo yake ni kifaa kinachojiamini kuliko kinavyostahili. Kosa la mita 5 linavumilika kama kifaa kinakiri mita 5. Kosa la mita 5 linalotangazwa kuwa sentimita 50 linaweza kumwingiza mtu ukutani. Sehemu ya utafiti uliofuata ni juhudi za kuziba tundu hili.

Simu za kawaida zilikuja na njia yake, kwa amri ya serikali. Mwaka 1996 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliyaagiza makampuni ya simu yaweze kumpata anayepiga namba ya dharura 911. Minara ikalazimika kujifunza kupima. Viwango vya 4G, kwenye toleo la 9 la shirika la 3GPP, vikaweka mawimbi maalumu ambayo simu huyasikiliza kutoka minara kadhaa na kulinganisha yaliyotangulia na yaliyochelewa. Toleo la 16, mwaka 2020, likaiwezesha 5G kufanya jambo ambalo Wadley angelitambua mara moja: simu na mnara kuulizana na kujibizana, muda wa kwenda na kurudi, kwa minara kadhaa kwa zamu. Kwenda na kurudi kunaondoa haja ya saa zinazokubaliana, ingawa si kabisa. Kama saa ya anayejibu inakimbia kwa sehemu 20 kwa milioni kupita ya muulizaji, naye akakawia milisekunde moja kabla ya kujibu, kosa ni nanosekunde 10, mita zetu 3 zilezile. Ndiyo sababu vifaa vya masafa mapana huulizana pande mbili kabla ya kutaja namba.

Vifaa hivyo viliingia mifukoni mwa watu Septemba 2019, Apple ilipoweka chipu ya U1 kwenye iPhone 11. Lakini kilichowafundisha watu maana ya ushirikiano kilikuwa kitu rahisi zaidi, kidude cha AirTag cha Aprili 2021. AirTag haijui ilipo. Inapiga mlio wa Bluetooth, simu ya mpita njia yeyote ya Apple inausikia, inaripoti ilipo yenyewe kwa siri iliyofungwa, na mwenye funguo zilizopotea anaziona kwenye ramani. Mpita njia hajaombwa, hajaambiwa, na betri iliyotumika ni yake. Muda haukupita mrefu kabla ya watu kuanza kuvificha vidude hivyo kwenye mikoba na magari ya wengine. Mei 2024 Apple na Google zilitoa kwa pamoja tahadhari inayomwambia mwenye simu, ya kampuni yoyote kati ya hizo, kwamba kuna kidude kisicho chake kinachomfuata.

Tumezoea kuambiana nitumie lokesheni, na mtumaji ndiye anayeamua. Mtandao wa vifaa vinavyopimana unaivunja desturi hiyo kimyakimya. Nikikaa meza moja na mtu aliyezima lokesheni yake, na simu yangu pamoja na za watu wengine wawili zikapimana na yake, simu hizo tatu zinaweza kumchora alipo bila yeye kutamka lolote. Nyambizi ilichagua ukimya kwa sababu ilijua hili. Upo pia uwezekano wa jirani mwongo, anayejibu mapema au kumpitishia mtu wa mbali jibu ili aonekane yu mlangoni. Wezi wa magari yanayofunguka kwa ufunguo wa redio wanaujua mchezo huo. Stefan Brands na David Chaum walieleza kinga yake 1993: swali lisilotabirika, jibu la haraka kuliko mtu wa katikati awezavyo kulipitisha.

Mwaka 2021 wataalamu wa 3GPP walikaa kutazama magari na vikosi vya dharura vinavyohitaji kupimana vyenyewe, pakiwepo mnara au pasiwepo. Sharti lao kali zaidi lilikuwa usahihi wa sentimita 10 hadi 50. Toleo la 18, lililokamilika 2024, likaruhusu rasmi simu ipime simu, gari lipime gari, kwa mawimbi yao ya pembeni yasiyopita mnarani. Ndani ya kiwango hicho kifaa kinaweza kupewa cheo: kimoja kitafutwe, kingine kiwe nanga, kingine kipige hesabu. Nanga hiyo ndiyo bikoni, na inaweza kuwa simu ya mtu yeyote iliyo mahali pazuri, akiwa ameruhusu.

Novemba 2023 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipitisha mwongozo wa kizazi cha sita, ukitaja usahihi wa sentimita 1 hadi 10 kama lengo la utafiti. Makampuni ya simu yanapenda namba hiyo kwenye matangazo. Mainjinia wao huzungumzia pia mambo mengine: simu inayotakiwa kuwa nanga itaamka mara ngapi kwa sekunde, itajuaje kuwa imesogezwa, na mwenye nayo atalipwa nini kwa betri inayokwenda kumtafutia mahali mtu asiyemjua. Kwenye hilo la mwisho viwango havijasema chochote, na mikutano ya matoleo yanayofuata inaendelea.